Mashine au Programu? Ushauri kwa Anayetaka Kumasta Muziki Dar es Salaam

Swali hili linanifuata kila wiki. Linakuja kwa simu kutoka Temeke, linakuja kwa WhatsApp saa sita usiku kutoka Mbagala, na mara nyingine linabisha hodi getini kwangu hapa Mikocheni B, kijana kabeba kompyuta mgongoni: "Kaka, nina akiba kidogo. Ninunue mashine ya analogi ya kumasta, au niendelee na programu?"

Nimeamua kulijibu kwa maandishi na kwa urefu, kwa sababu akiba hiyo si kidogo kwa mwenye nayo. Nawajua waliouza pikipiki. Namjua aliyekopa kikoba cha mama yake. Fedha ya namna hiyo haipaswi kupotea kwa sababu hakuna aliyesema ukweli mapema.

## Jibu fupi

Baki na programu. Kisha akiba yako iende kwa mpangilio huu:

1. Chumba unachosikilizia.
2. Spika za monita au hedifoni nzuri.
3. Umeme safi na salama.
4. Programu chache za halali.
5. Mashine za analogi, mwisho kabisa, tena kwa masharti nitakayoyataja.

Mtu akikushauri uanze na namba tano, muulize kwanza kama ana mashine ya kuuza.

## Kwa nini mashine zina gharama zaidi hapa kwetu

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Kompresa mpya ya stereo iliyotengenezwa mahususi kwa mastaringi huanzia kama dola 2,000 na nyingi hupita 5,000. Bado kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT. Ikishaingia ndani, gharama nyingine zinaanza:

- Chumvi na unyevu. Mikocheni tunapata upepo wa bahari. Ni mzuri kwa mwili, mbaya kwa viunganishi vya chuma. Nobu ambayo Nairobi ingekaa kimya kwa miaka, hapa huanza kukwaruza mapema. Ukiizungusha, unasikia "kra-kra" upande wa kushoto, kisha upande mmoja unapungua sauti bila wewe kujua.
- Joto. Mashine za taa, yaani valvu, zinatoa joto. Februari, kiyoyozi kikizimwa ili usikilize kwa utulivu, chumba kinakuwa tanuri ndani ya nusu saa.
- Umeme. Unapanda, unashuka, unakatika, unarudi kwa kishindo. Kompyuta mpakato ina betri ya kuivusha. Mashine ya analogi haina.
- Mngurumo. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Noti ya G ya chini kabisa kwenye gitaa la besi iko 49 Hz. Kama ethi ya nyumba ni mbovu, mngurumo unakaa palepale besi ya wimbo inapokaa, na hutautoa bila kuijeruhi besi yenyewe.
- Fundi na vipuri. Mafundi wazuri wapo, lakini transfoma na taa halisi za mashine hizo huagizwa nje. Kazi ya mteja inasubiri.
- Marekebisho. Hili watu wengi hawalihesabu. Msanii wa Dar atarudi. Atataka toleo lililofutwa matusi kwa ajili ya redio, atataka biti tupu kwa ajili ya shoo ya televisheni, kisha atasema vokali ipande kidogo. Kwenye programu unafungua faili, kila kitu kiko kama ulivyokiacha. Kwenye mashine unarudisha kila nobu kwa kuangalia picha uliyopiga, kisha unapitisha wimbo mzima kwa muda wake halisi. Albamu ya nyimbo 12 za dakika 4, matoleo matatu kila wimbo, ni dakika 144 za kukaa na kusikiliza tu, kabla hujakosea hata mara moja.

Nilijifunza haya kwa moshi. Niliwahi kuagiza kompresa iliyotumika kutoka Marekani. Nyuma yake ilikuwa na kiswichi chekundu, kidogo kama punje ya mahindi, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Muuzaji alinihakikishia kuwa kimeshawekwa sawa. Sikuigeuza kuangalia. Nilichomeka, nikawasha. Taa ya mbele ikang'aa kuliko kawaida, nikasikia harufu ya rangi inayoungua, kisha uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka kwenye matundu ya juu. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Transfoma ilikuwa imekufa. Nilisubiri miezi minne hadi transfoma nyingine ifike, na wakati wote huo nyimbo zote nilizotoa nilizimasta kwa programu. Hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika.

## Kosa la kwanza: kununua kifaa kabla ya chumba

Vyumba vyetu vingi ni tofali, plasta, vigae sakafuni na dirisha la alumini. Sauti inagonga kila upande na kurudi. Na wengi wetu tunafanyia kazi kwenye chumba cha mita 3 kwa 3. Katika chumba hicho besi ya karibu 57 Hz hujirundika kwenye kuta na kupotea katikati. Ukikaa katikati unaongeza besi kwa sababu huisikii. Wimbo ukifika kwenye sabufa ya jirani, ukuta unatetemeka na maneno hayasikiki. Mashine ya dola 5,000 haiwezi kukusaidia hapo, maana tatizo liko kwenye unachokisikia.

Fanya hivi kabla ya kununua chochote:

1. Tengeneza mawimbi ya sauti kwenye programu yako, kutoka 40 Hz hadi 120 Hz, yakipanda taratibu kwa sauti ya wastani.
2. Kaa unapokaa kazini. Andika ni wapi besi inavimba na wapi inapotea.
3. Sogeza kiti na meza mbele au nyuma, nusu mita kwa nusu mita, na urudie. Mara nyingi utapata mahali pazuri zaidi bila kutumia hata shilingi.
4. Hakikisha spika zote mbili ziko umbali sawa na kuta za pembeni, na wewe na spika mnaunda pembetatu yenye pande sawa.
5. Mwite fundi seremala akutengenezee fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10 au zaidi. Zijaze sufi ya mawe, ile ambayo wauza vifaa vya kuzuia joto huiita rokwuli, na uzifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Vaa barakoa na glavu unapoijaza.
6. Anza na kona, kisha pande mbili za karibu na spika, kisha dari juu ya kichwa chako.

Onyo: trei za mayai hazifanyi kazi hiyo. Zinapunguza kidogo mwangwi wa juu, lakini besi inazipita kana kwamba hazipo. Godoro la sponji jembamba ni vilevile. Chumba kitakuwa kizito juu na chenye fujo chini, na kitakudanganya zaidi ya mwanzo.

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki misumari ukutani, nunua hedifoni zenye mgongo wazi, kama Sennheiser HD 600 au Beyerdynamic DT 990, na uzizoee kwa kusikiliza nyimbo unazozijua. Chumba kibaya hakiwezi kuziharibu.

## Programu zinazotosha

Huhitaji plagini 200. Unahitaji tano unazozijua kama njia ya kwenda kwenu.

- Programu kuu. Uliyonayo inatosha: FL Studio, Cubase, Logic. Kama huna, Reaper ina leseni ya dola 60 kwa mtu binafsi.
- Ikwalaiza. TDR Nova ina toleo la bure ambalo ni zuri kweli.
- Kompresa. TDR Kotelnikov, nayo ina toleo la bure.
- Limita. LoudMax ni ya bure. Ukipata fedha, FabFilter Pro-L 2 inakupa udhibiti zaidi.
- Kipimo cha ukubwa wa sauti. Youlean Loudness Meter, toleo la bure linatosha.

Usitumie programu zilizovunjwa kufuli. Nalisema hili kwa uchungu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, tuna COSOTA, na kila siku tunalia kwamba nyimbo zetu zinaibwa. Hatuwezi kulia hivyo huku tukimasta kwa zana za wizi. Na zaidi ya haki, faili hizo hubeba virusi. Kazi ya miezi sita ya msanii inaweza kupotea usiku mmoja.

## Hatua za kumasta, moja baada ya nyingine

1. Pokea faili sahihi. WAV ya biti 24, kilele kisizidi kama -6 au -3 dBFS, bila limita kwenye njia kuu. Ukiletewa MP3 ya WhatsApp, irudishe kwa upole na uombe faili halisi.
2. Pumzika. Kama wewe ndiye uliyemiksi, acha siku mbili zipite. Au mpe mwenzako amaste. Sikio jingine linasikia ulichokizoea.
3. Chagua nyimbo mbili za kulinganishia. Za aina ileile, unazozipenda. Zishushe sauti hadi zilingane na wimbo wako. Usilinganishe wimbo mkubwa na mdogo.
4. Sikiliza mara moja bila kugusa kitu. Andika kwenye karatasi mambo matatu tu: besi, vokali, makali ya juu.
5. Rekebisha kwa ikwalaiza. Nusu desibeli, moja, mbili. Ukijikuta unahitaji desibeli sita, miksi ndiyo mbovu. Irudishe kwa aliyeimiksi.
6. Kompresa kidogo. Desibeli moja au mbili za kubana zinatosha. Kama kiki imepoteza ngumi yake, umebana mno au kwa haraka mno.
7. Sikiliza kwa mono. Simu nyingi na spika za baa huunganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Kama vokali au besi inapotea kwa mono, lirekebishe sasa.
8. Limita mwisho. Weka kikomo cha kilele halisi kwenye -1 dB, ili wimbo usipasuke unapogeuzwa kuwa MP3 au AAC.
9. Weka dita (kelele ndogo ya makusudi) unaposhuka kwenda biti 16. Mara moja tu, mwisho kabisa.
10. Pima mitaani. Cheza kwenye simu ya kawaida, kwenye sabufa ya sebuleni, kwenye redio ya bajaji au daladala. Hapo ndipo wasikilizaji wako walipo. Andika, rudi, rekebisha, maliza.

## Namba za kujua, na zisikutie wazimu

Spotify hulinganisha nyimbo kwenye takriban -14 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti tunaousikia. Apple Music ni -16 pale msikilizaji anapowasha usawazishaji. YouTube nayo hushusha zilizozidi. Maana yake ni hii: ukiusukuma wimbo hadi -6 LUFS, Spotify itaushusha desibeli nane. Utabaki umebanwa, umechoka, na si mkubwa kuliko wa mwenzako.

Kwa muziki wa kucheza, kati ya -11 na -9 LUFS kunatosha mara nyingi. Taarabu na dansi la vyombo hai vinaweza kukaa chini zaidi ili vipumue. Singeli, kwa kasi yake ya biti 200 na zaidi kwa dakika, haina nafasi kati ya kiki na kiki. Ukiibana mno inakuwa mlio mmoja usio na mapigo.

Na redio? Hapa Mikocheni tuna jirani zetu ITV na Radio One, na Clouds pia. Wasanii huniambia, "Ubane sana ili redioni usikike." Ni kinyume chake. Vituo vya FM huwa na mashine zao za kubana sauti kabla haijafika hewani. Wimbo uliokwisha kubanwa ukibanwa tena, unasikika mdogo na mchafu kuliko ule uliopelekwa ukiwa na pumzi.

## "Lakini kaka…"

"Lakini wakubwa wa Ulaya wanatumia mashine." Ni kweli, wengi wanazo, na wengi huchanganya mashine na programu. Lakini wana chumba kilichosanifiwa na mtaalamu, fundi wa kupiga simu, na mteja anayelipia saa za kurudisha nobu. 

"Programu haina joto." Tunachokiita joto ni upotoshaji mdogo mtamu wa transfoma, taa na tepu. Fairchild 670, mojawapo ya kompresa maarufu zaidi, ina taa 20 na uzito wa karibu kilo 30. Plagini za leo zinaiga kazi hiyo kwa ukaribu mkubwa. Ukitaka kujua sikio lako linasema nini, fanya jaribio la haki: matoleo mawili, ukubwa wa sauti ulingane kabisa, mwenzako akuchezee bila kukuambia ni lipi. Tofauti ya desibeli moja tu hufanya kikubwa kionekane kizuri, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapotushinda.

Kumbuka pia rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam. NUTA Jazz na Western Jazz walirekodiwa kwa tepu, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Uzuri tunaousikia leo ulianza kwa wapigaji waliofanya mazoezi hadi wakaelewana, na fundi aliyejua wapi pa kusimamisha maikrofoni. Tepu ilihifadhi walichokifanya. Ukitaka joto lile, anza na mazoezi.

"Bila mashine sitafika kimataifa." Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao *Sounds of Sisso*, singeli iliyozaliwa kwenye studio ndogo ya Mburahati, kwa kompyuta. Singeli ikapanda majukwaa ya Ulaya. Watu wa huko waliwasikiliza vijana wa Mburahati kwa sababu hakuna mwingine duniani aliyekuwa na sauti ile.

"Mteja akiona mashine, ananiamini." Hili nalikubali, linatokea. Lakini mteja anayerudi mara ya pili anarudi kwa sababu wimbo ulisikika vizuri kwenye gari la mjomba wake. Weka fedha yako mahali patakapomrudisha.

## Lini ununue mashine

Nunua pale mambo haya yote yakiwa kweli:

- Chumba chako kimetibiwa na nyimbo zako zinasikika sawa kila mahali.
- Una wateja wa kudumu wanaolipa, na kazi ya miezi sita ijayo inaonekana.
- Unaweza kusema kwa sentensi moja mashine hiyo itafanya nini ambacho plagini zako hazifanyi.
- Una akiba ya pembeni kwa ajili ya matengenezo.
- Umeshaijaribu. Tuma wimbo mmoja kwa mtu mwenye mashine hiyo, mlipe aupitishe, kisha ulinganishe na wako kwa sauti iliyolingana. Jaribio hilo ni nafuu mno ukilinganisha na kununua na kujuta.

Siku ya kununua iliyotumika, usitoe fedha kabla ya kufanya haya:

1. Igeuze nyuma, soma volti. Ya Marekani ni 115 au 120, ya Japani ni 100. Hapa ni 230. Kama haina kiswichi cha kuchagua, utahitaji transfoma ya kushushia.
2. Iache imewaka nusu saa kabla ya kuisikiliza.
3. Zungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho. Sikiliza mikwaruzo.
4. Pitisha mlio wa 1 kHz pande zote mbili kwa mpangilio uleule. Kushoto na kulia vilingane. Vikitofautiana kwa desibeli nzima, achana nayo.
5. Iache bila sauti ya muziki, pandisha monita, sikiliza mngurumo.
6. Mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba yako kabla mashine haijafika. Weka stabilaiza na UPS inayotoa wimbi safi.

Ikishaingia, ifunike kwa kitambaa unapomaliza kazi, iachie nafasi ya hewa juu na chini, na usiizime na kuiwasha ovyo.

## Neno la mwisho kwako

Mdogo wangu uliyenitumia ujumbe jana usiku, na wengine wote mtakaouliza wiki ijayo: msiuze pikipiki. Jumamosi hii ingia chumbani mwako, cheza mlio ule wa 40 hadi 120 Hz, na uandike kwenye karatasi pale besi inapopotelea. Kisha nenda kwa seremala na vipimo vyako. Ukimaliza fremu nne za kwanza, masta tena wimbo wako wa mwisho kwa programu zilezile ulizonazo, na uusikilize kwenye bajaji. Mimi mwenyewe chumba ndicho kilichonifundisha kusikia, na fundi wa sauti ninayemshauri leo huwa namwambia akiba yake ya kwanza aiweke hapo.